Tupeni Sauti ya Nchi Tunayoipita
Barua ya wazi kwa wenye mabasi ya safari ndefu, madereva na makondakta wao

Waheshimiwa,

Nakuandikieni waraka huu hadharani kwa kuwa neno nililo nalo halihusu basi moja wala kampuni moja, na lau ningalimnong'oneza dereva mmoja pale stendi, lingaliishia pale pale stendi. Mimi ni abiria wa miaka mingi. Sehemu kubwa ya nchi hii nimeijua kwa kupitia dirisha la basi, na kwa hiyo naandika nikiwa na deni kwenu, maana ni nyinyi mlionifikisha salama katika masika na kiangazi, mchana na usiku, ilhali mimi nimelala na nyinyi mmekesha. Ombi langu ni jepesi kutamkwa na jepesi kutendwa: kila basi linapoingia katika wilaya yenye redio yake ya jamii, kondakta aifungue redio hiyo, japo kwa nusu saa, ili abiria waisikie nchi wanayoipita ikisema yenyewe kwa kinywa chake.

Tazameni hali ilivyo leo. Mtu hupanda basi Dar es Salaam alfajiri, akielekea Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu. Hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, akavuka nchi za wakulima wa mahindi, wa zabibu, wa alizeti, wa pamba na wa mpunga, nchi za wafugaji na nchi za wachimba dhahabu. Na katika njia yote hiyo masikio yake hayapokei ila nyimbo zilizopakiwa katika flashi tangu mjini, na macho yake hayapewi ila filamu iliyokwisha kuonyeshwa jana na juzi. Akifika aendako huwa amebadilisha mahali asibadilishe maarifa. Majina ya miji ameyasoma katika vibao vya barabarani, lakini hakuna hata mji mmoja uliompa habari yake. Sisemi kuwa muziki ni kosa wala filamu ni haramu, kwani safari ndefu yataka maliwazo. Nasema kwamba maliwazo yamechukua nafasi yote, na kitu chenye thamani kubwa zaidi, tena cha bure, kinapita hewani juu ya paa la basi bila ya mtu kukinyooshea mkono.

Kitu hicho ni sauti ya redio za jamii. Wenye umri kama wangu wanakumbuka zama ambapo Bara ilikuwa na Redio Tanzania na Zanzibar ikawa na Sauti yake, na zaidi ya hizo hapakuwa na mlango mwingine wa sauti ndani ya nchi. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu na taasisi nyingine, na baada ya hapo, polepole, pembezoni mwa nchi kukaanza kusimama minara midogo ambayo haikusimamishwa kwa tamaa ya faida. Ngara ilipata Redio Kwizera mwaka 1995, ikianzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati wilaya ile ilipokuwa imefurikwa na mamia ya maelfu ya watu waliokimbia mauaji na vita vya Rwanda na Burundi, na wenyeji na wageni wakawa na haja ya kusikilizana. Simanjiro, katika kijiji cha Terrat, kuna redio ya Orkonerei, iliyoanzishwa kwa ajili ya wafugaji, ambayo imesema nao kwa Kimasai na kwa Kiswahili. Karagwe kuna Fadeco, iliyojifunga kibwebwe kwa ajili ya wakulima. Sengerema redio ilizaliwa ndani ya kituo cha mawasiliano ya jamii. Ifakara kuna Pambazuko, Rungwe kuna Chai FM, Pangani kuna Pangani FM, Mtwara kuna Jamii FM, na ng'ambo ya bahari, Pemba, wilaya ya Micheweni ina redio yake. Zimo nyingine nyingi ambazo nafasi hainiruhusu kuzitaja, nazo zisinilaumu.

Redio hizi husikika karibu tu kwa maumbile ya mambo, wala si kwa uvivu wa wenyewe. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari karibu ulionyooka, na mahali ardhi inapojipinda au mlima unapoinuka, nayo hukoma. Kwa hiyo mnara wa mita hamsini uliosimama juu ya nchi tambarare hausikiki vizuri zaidi ya kilomita thelathini na kitu kila upande. Basi linalokwenda kwa mwendo wa halali wa kilomita 80 kwa saa hulikata duara hilo lote kwa muda usiozidi saa moja. Zingatieni maana yake: redio ya wilaya inayo saa moja tu ya kuzungumza na msafiri, na saa hiyo ikipita huku flashi inazunguka, msafiri amekwisha kutoka katika nchi ile na sauti yake haimfikii tena. Redio ya taifa twaweza kuisikiliza popote tukitaka, kesho na kesho kutwa. Redio ya wilaya haisikiki ila karibu na wilaya yake.

Na ni nini kinachosemwa katika saa hiyo? Nimebahatika mara kadhaa kupanda gari la dereva mwenye moyo wa kusikiliza, na yaliyonipata masikioni nayaeleza kama nilivyoyasikia. Mtangazaji, aghalabu kijana wa kujitolea ambaye karatasi zake husikika zikichakarisha mbele ya kipaza sauti, husoma matangazo ya vifo kwanza: marehemu fulani wa kijiji fulani, ndugu wa fulani na fulani, maziko saa kumi alasiri, na wanaoarifiwa hutajwa kijiji baada ya kijiji mpaka msikilizaji akaichora ramani ya wilaya nzima kwa majina ya wafiwa. Kisha hufuata vitu vilivyopotea: ng'ombe jike mwekundu mwenye pengo katika sikio la kushoto, mkoba wenye vyeti vya shule, mtoto aliyeonekana mara ya mwisho karibu na mashine ya kusaga. Kisha bei ya ufuta au ya korosho katika mnada wa chama cha ushirika. Kisha bwana shamba anaulizwa kwa simu habari ya viwavi vinavyokula mahindi, naye hujibu pole pole kama mtu aliyesimama shambani. Kisha mama mmoja anapiga simu kulalamika kuwa bomba la kijiji chao halijatoa maji tangu wiki iliyopita, na diwani, ambaye naye anasikiliza, hupiga simu baada yake kujitetea. Sijapata kusoma gazeti lililonijulisha hali ya wilaya kwa uwazi kama nusu saa ya namna hiyo.

Nitatoa mfano mmoja wa faida iliyoonekana kwa macho. Katika safari moja ya mkoa wa Tanga, siku iliyofuatia usiku wa mvua kubwa, gari letu dogo lilikuwa limefungua redio ya wilaya. Nyuma ya dereva aliketi mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu, na tenga lake limefungwa juu ya keria, naye alikuwa akienda gulioni ndani ndani huko. Tangazo likasema kuwa daraja dogo la njia ya gulioni limechukuliwa na maji na gulio limeahirishwa. Mama yule hakutaharuki. Alimgusa dereva begani akamwambia, "Mwanangu, niteremshe Muheza, huko kwingine leo hakuna mnunuzi." Dereva akamjibu, "Haya mama, na nauli iliyobaki utarudishiwa." Tulipofika Muheza tenga likateremshwa, na kabla gari halijaondoka tayari watu wawili walikuwa wamekwisha kuinama juu yake kuuliza bei. Lau redio ile isingalifunguliwa, mama yule angalikwenda na mtaji wake wote mpaka penye maji, akalala njiani, na samaki wakaota ukungu. Tangazo la nusu dakika lilimwokolea mtu riziki yake, wala dereva hakupoteza kitu ila wimbo mmoja.

Nanyi wenyewe, enyi madereva, ndio wa kwanza kunufaika. Barabara zetu zina adui wake, na adui mkubwa ni maji. Mwezi Aprili 2024 Rufiji ilifurika, na mapema mwezi wa Mei mwaka ule ule kimbunga Hidaya kikashuka katika pwani ya kusini, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika mahali kadhaa katika wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwemo, hata mabasi na malori yakapanga mstari pande zote mbili za maji. Katika siku kama hizo, mtu anayejua daraja gani limesimama na lipi limeanguka ni yule anayekaa karibu nalo, na redio iliyo karibu na mtu huyo ndiyo inayoweza kumpa nafasi ya kusema. Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, haja hii imezidi, kwani dereva wa usiku haoni mawingu yaliyotanda mbele yake wala hakutani na watu wa kuwauliza. Habari ya jumla kutoka mjini humwambia kuwa mvua zinanyesha. Habari ya wilaya humwambia kuwa maji yamepanda juu ya barabara baada ya kijiji fulani, na kuwa ni heri asubiri.

Kuna hoja nyingine, nayo kwangu ndiyo iliyo moyoni mwa waraka huu. Usikilizaji wa pamoja ulikuwa ada yetu. Redio zilipokuwa chache, mwenye nayo aliiweka barazani, na jirani, mpita njia na mtoto wa shule wakaketi kuizunguka, na taarifa ilipokwisha mazungumzo yakaanza. Taifa letu liliijenga ada hiyo ikawa chombo cha elimu: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima takriban milioni mbili walikusanyika katika vikundi zaidi ya elfu sabini, nchi nzima, kusikiliza kipindi kimoja, kusoma kitabu kimoja, na kisha kujadiliana na kwenda kutenda waliyoafikiana, vyoo vikachimbwa, vidimbwi vikafukiwa, mazalio ya mbu yakaondolewa. Nguvu haikuwa katika redio peke yake. Ilikuwa katika kusikiliza pamoja na kuulizana. Leo kila mtu ana simu yake na visikilizio vyake, hata watu wa nyumba moja wameketi chumba kimoja na kila mmoja yumo katika dunia yake. Nikitafuta mahali palipobaki ambapo watu hamsini wasiojuana, Mkristo na Mwislamu, mkulima na mwanafunzi, mwenyeji na mgeni, wanaketi pamoja kwa saa nyingi na kuisikia sauti moja, naliona basi. Nyinyi mmekabidhiwa baraza kubwa kuliko zote zilizobaki katika nchi hii, nalo linatembea.

Tena kuna suala la adabu. Ustaarabu wetu unamtaka mgeni apige hodi, aketi anapoonyeshwa, na asikilize kabla ya kusema. Basi linapoingia katika wilaya ya watu huku likivuma muziki wa mji lilikotoka, linafanana na mgeni aliyeingia sebuleni huku anaimba, asimpe mwenyeji nafasi hata ya kumkaribisha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kwa lipi, iwapo mgeni hapiti ila kumtimulia vumbi? Wanavijiji wanaouza mahindi ya kuchoma, mihogo na machungwa penye matuta ya barabara wanatuona kila siku, nasi twawaona. Twawanunulia kwa haraka kupitia dirishani, tukahesabu chenji, tukaondoka. Kuwasikiliza nusu saa ni heshima ndogo ambayo hatujawapa.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na insafu yanitaka nizijibu. Wa kwanza atasema kuwa abiria wanataka muziki. Kweli, na redio hizi nazo zina muziki, tena muziki ambao flashi ya mjini haina. Apitaye Dodoma ana haki ya kusikia zeze na marimba za Wagogo katika nchi ile ile iliyomlea marehemu Hukwe Zawose, ambaye sauti yake ilisikilizwa Ulaya na Marekani. Na apitaye Tanga ana haki ya kusikia taarabu ya mji uliotupa kikundi cha Black Star. Wa pili atasema kuwa mawimbi hukatika na redio hukoroma. Kweli pia, na ndiyo maana sikuomba redio ifunguliwe safari nzima. Ikianza kukoroma kondakta aizime, arudishe muziki wake, wala hapana atakayemlaumu. Wa tatu atasema kuwa baadhi ya abiria hawatafahamu lugha. Redio nyingi za jamii katika nchi yetu hutangaza kwa Kiswahili, na pale inaposikika lugha ya wenyeji, kama Kimasai cha Simanjiro, sidhani kuwa ni dhara kwa Mtanzania kukaa robo saa akasikia nduguye anavyozungumza nyumbani kwake. Pengine jirani yake wa kiti atamfasiria, na urafiki ukazaliwa. Wa nne atasema kuwa abiria wengine wamelala. Basi spika za nyuma zipunguzwe sauti, na hilo lingefaa kufanywa hata kwa nyimbo na filamu.

Baada ya majibu hayo, naomba mambo manne kwa utaratibu. La kwanza, kila mwenye mabasi aagize iandikwe karatasi moja, ibandikwe mbele karibu na redio, yenye majina ya redio za jamii za njia ile na namba za masafa yake kwa mpangilio wa wilaya, ili kazi ya kuzitafuta iwe ya kondakta na dereva asiondoe macho yake barabarani. La pili, iwe kanuni ya kampuni, wala isiachiwe hiari ya mtu mmoja, kwamba katika kila wilaya yenye redio abiria watasikilizishwa nusu saa, na ikiwezekana iwe saa ya taarifa na matangazo. La tatu, kondakta, gari linaposimama kituoni na wala si likiwa mwendoni, awapigie watangazaji simu kuwapa habari ya njia aliyoiona: ajali, tope, daraja lililolegea; kwani asemaye akasikilizwa ndiye mwenye redio hasa, na nyinyi mnaona kwa siku moja zaidi ya mtu mwingine yeyote nchini. La nne, wenye mabasi wapeleke matangazo yao ya nauli na nyakati za kuondoka katika redio hizo, na wayalipie.

Hilo la nne nalitilia mkazo, maana redio hizi huishi kwa riziki ndogo: ada ya tangazo la msiba, tangazo la duka la pembejeo, ufadhili wa shirika unaokuja leo na kukatika kesho. Watangazaji wake wengi hawana mshahara wa kutajika. Sauti ya namna hii ni rahisi kunyamaza. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na redio ya jamii huko Homa Bay tangu mwaka 1982, iliyosimamishwa kwa msaada wa UNESCO kwa mtambo wa gharama ndogo, nayo ikahesabiwa miongoni mwa redio za jamii za mwanzo kabisa barani Afrika; serikali ikaifunga mwaka 1984, na ikapita miaka mingi kabla ya watu wa mashambani huko kupata redio nyingine iliyo yao. Hatimaye walipata, na mojawapo, Mang'elete, upande wa Kibwezi, ilianzishwa kwa juhudi za vikundi vya akina mama. Mabasi ya Mombasa na Nairobi hupita karibu nayo usiku na mchana. Na madereva wa njia ile, waraka huu ukiwafikia, wajue kuwa nao nimewakusudia.

Waheshimiwa, sikukutakeni mjenge barabara wala mpunguze nauli. Nimekuombeni mgeuze kitufe kimoja. Watu wa Simanjiro, wa Ngara, wa Ifakara na wa Micheweni wamekwisha kufanya sehemu iliyo ngumu: minara imesimama, wamewafundisha vijana wao kusema mbele ya kipaza sauti, na kila asubuhi wanasema. Iliyobaki ni sehemu yetu sisi tunaopita, nayo ni kusikia. Na ufunguo wa masikio yetu mmeushika nyinyi. Anzeni na safari ya kesho, na wilaya ya kwanza mtakayoingia. Abiria akinung'unika, mwambieni kuwa mzee mmoja msafiri ndiye aliyeomba, na lawama zote nazichukua mimi kwa ridhaa yangu.

Nawatakieni safari za salama na marejeo mema.

Wasalaam,

Abiria wenu